Mnara Unauzwa, Bibi Yuko Mkekani

AMEER: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Duka limefungwa leo.

RAZIA: Ameer? Mbona wewe? Nimepiga kwa mjomba wako.

AMEER: Mama! Shikamoo.

RAZIA: Marahaba, mwanangu. Najisikia mwenyewe, sauti yangu inanirudia.

AMEER: Ni laini hii. Ningoje nimalize ndiyo uanze, la sivyo tunagon—

RAZIA: Tunagongana vipi, mimi niko Flemingdon Park, Toronto!

AMEER: —gana. Ndiyo hivi sasa.

RAZIA: Haya. Umemaliza?

AMEER: Nimemaliza.

RAZIA: Huku ni saa moja asubuhi, theluji imejaa mpaka dirishani, na basi langu la kazini linakaribia. Huko saa ngapi?

AMEER: Saa tisa alasiri. Jua linachoma.

RAZIA: Na Daulat amefunga duka saa tisa alasiri? Kaka yangu? Huyo hata akishikwa na homa hufungua nusu ya mlango.

AMEER: Yuko nje hapo mbele, amekaa mkekani. Simu ililia, hakuinuka. Nikazungukia mlango wa uani.

RAZIA: Simu inalia, Daulat hainuki. Kadi yangu hii ya simu ni ya bei rahisi, itakatika wakati wowote. Niambie upesi. Umeshatia saini?

AMEER: Bado. Saa kumi.

RAZIA: Alhamdulillahi.

AMEER: Mama, tulishaongea. Kampuni yetu inanunua jengo moja tu.

RAZIA: Moja tu. Lenye mnara wa saa. Lililochapishwa kwenye stempu.

AMEER: Litakuwa hoteli. Litapigwa rangi. Lini mara ya mwisho lilipigwa rangi?

RAZIA: Na mlingoti? Pale bendera ilipopandishwa usiku wa Uhuru, babu yako amenibeba begani?

AMEER: Mlingoti umo kwenye mauzo. Lakini Siku ya Uhuru halmashauri wataruhusiwa kuukodi kwa bei nafuu. Hiyo nafuu nimeipigania mimi.

RAZIA: Hongera.

AMEER: Mama.

RAZIA: Nimesema hongera. Na saa yenyewe?

AMEER: Saa inakuja huko. Itawekwa pale ofisini kwetu Richmond Hill, mapokezi. Utaweza kuja kuiona. Mabasi mawili tu.

RAZIA: Mabasi mawili. Muulize bosi wako, ule mnara wao mrefu wa hapa Toronto, unauzwa?

AMEER: Hauuzwi, Mama.

RAZIA: Kwa nini?

AMEER: Si wa kuuzwa. Watu wangechukia.

RAZIA: Aa. Kumbe watu huchukia.

(mkwaruzo kwenye laini)

AMEER: Haloo? Haloo?

RAZIA: Nipo. Nilikuwa naitazama picha ya mnara hapa ukutani. Jana Libérata, yule Mrundi wa ghorofa ya chini, alikuja kuazima sufuria. Kila akija huwa namwonyesha: ndio mji wetu huu, ukisimama pale unasikia saa ikigonga mpaka bandarini. Jana akaniuliza, kweli mnauza? Nikamwambia, hiyo picha tuliikuta na nyumba.

AMEER: Kwa nini umdanganye?

RAZIA: Ningemwambia nini? Kwamba mwanangu ndiye muuzaji?

AMEER: Mimi si muuzaji. Mimi ni mzawa tu.

RAZIA: Ni nini?

AMEER: Masharti ya mauzo yanataka mzawa mmoja wa mji huu atie saini pamoja na kampuni. Katika ofisi nzima mzawa ni mimi peke yangu. Bosi alifurahi sana alipojua nimezaliwa hapa.

RAZIA: Bila wewe?

AMEER: Bila mzawa hakuna mauzo.

RAZIA: Basi panda ndege urudi, baba. Sema unaumwa. Nitakupikia—

AMEER: Mama, unahangaika bure! Watu hawakuchukia. Wametupokea vizuri mno. Ungeona mwenyewe.

RAZIA: Wamekupokeaje?

AMEER: Mji mzima uko hapa mbele ya mnara. Wametandika mikeka. Wanaume huku, wanawake kule kibarazani kwa Bibi, wamejifunika vizuri. Hakuna kelele. Bosi anasema hajawahi kuona wenyeji watulivu hivi.

RAZIA: Ngoma ipo?

AMEER: Hakuna. Hata redio wamezima.

RAZIA: Mmepewa kula nini?

AMEER: Kahawa. Chungu, haina hata tende ya kusindikizia. Bosi amekunywa vikombe vitatu, anasema ndiyo kahawa halisi.

RAZIA: Nani anapika?

AMEER: Majirani. Kwa Bibi jiko halijawashwa tangu jana, wamemkataza asishike kitu. Heshima iliyoje! Na ipo sahani katikati, kila anayefika anatia kitu. Bosi naye ametia noti, akapiga picha.

RAZIA: Amepiga picha sahani.

AMEER: Na yeye mwenyewe amekaa mkekani, amevua viatu. Ungempenda.

RAZIA: Ameer, watu wanamwambia nini Bibi?

AMEER: Wanamshika mkono, wanamwambia pole.

RAZIA: Pole ya nini?

AMEER: Si kwa kupokea wageni wengi? Mtu mzima yule.

RAZIA: Mwanangu. Huo ni msiba.

AMEER: Aa, Mama. Msiba naujua. Si tunakwenda kila mara pale ukumbini msikitini? Viti, vikombe vya karatasi, watu wanaulizana bei za nyumba.

RAZIA: Huo ni wa Toronto. Huko ni mkekani. Hayo ni matanga, Ameer, umekaa kwenye matanga na suti yako. Nani amefariki?

AMEER: Hakuna aliyefariki! Nilimuuliza Mjomba, akaangalia juu kwenye saa.

RAZIA: Basi wanaulilia mnara. (anavuta pumzi) Afadhali. Mnara si mtu. Na wewe? Wewe wamekupa pole?

AMEER: Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Nimepita na salamu zangu, wakatazama chini. Nikajua ni hii suti. Lakini wamenisomea Fatiha.

RAZIA: Wamekusomea?

AMEER: Wametaja jina langu kabisa. Ameer mjukuu wa Bibi Marziya. Wote wakaitikia amina. Nilisisimka, Mama.

RAZIA: Subiri. Subiri kidogo. Wanawake wanafanya nini hivi sasa?

AMEER: Ngoja nichungulie. Wamemzunguka Bibi. Amefungua lile sanduku la bati la chumbani, anagawa nguo. Amesafisha kabati, naona.

RAZIA: Nguo za nani?

AMEER: Ni... Shati langu la darasa la tatu! Kumbe alilitunza. Na ile kofia yangu ya Idi. Na viatu. Anampa yule mama mwenye watoto wengi.

RAZIA: (kimya kirefu)

AMEER: Mama? Laini imekatika?

RAZIA: Haijakatika.

AMEER: Mbona hunijibu?

RAZIA: Nguo hugawiwa za nani, Ameer?

AMEER: Za... Mama.

RAZIA: Ndiyo.

AMEER: Lakini mimi nipo hapa. Nimesimama hapa hapa. Ananiona!

RAZIA: Walitaka mzawa, si ndiyo? Mama yangu amesikia. Mzawa ameshamlilia na Fatiha wamemsomea. Anayetia saini saa kumi ni mtu mwingine, hawamjui.

AMEER: Bibi hawezi.

RAZIA: Wewe unamjua Bibi wa kukupikia mkate wa kumimina. Mimi ndiye mwanawe.

SAUTI YA KADI: Umebakiwa na dakika moja.

AMEER: Nani huyo?

RAZIA: Kadi. Usimsikilize. Nisikilize mimi. Kaburi la baba yako liko huko. Mimi mwenyewe nataka kurudi kuzikwa huko. Nitapokewa na nani, nikiwa mama wa marehemu aliyeuza—

AMEER: Bosi ananiita. Ananipungia kalamu.

RAZIA: Anakuitaje?

AMEER: Andi.

RAZIA: Andi ni nani?

AMEER: Ni mimi. Ameer linamshinda.

RAZIA: Herufi tano zinamshinda, mnara haumshindi.

AMEER: Mama, Bibi ameinuka. Anakuja huku dukani. Ana kikombe cha kahawa.

RAZIA: Peke yake? Na miguu yake ile?

AMEER: Mjomba anamshika. Bosi naye anakuja, anaita. Mama, nifanye nini, yuko mlangoni—

RAZIA: Nani, bosi?

AMEER: Bibi. Ananitazama hivi... kama mteja.

RAZIA: Anasemaje?

AMEER: (kwa sauti ya chini) Ananiuliza, wewe kijana ni mtoto wa nani?

RAZIA: Mjibu.

AMEER: Mama, Bosi amenitia kalamu mkononi—

RAZIA: Iache kauntani! Mjibu, baba, nami nisikie!

AMEER: (mbali na simu) Shikamoo, Bibi. Mimi Ameer. Ameer wa Razia.

(mkwaruzo)

RAZIA: Ameitikia? Ameer! Ameitikia shikamoo?

SAUTI YA KADI: Muda wako umekwisha. Kwa muda zaidi, nunua kadi nyingine.

RAZIA: Haloo?