Vidonge vya Moyo Nilivyompa Dada Eliza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na kinywa hiki kilichodanganya.

Nilikuwa mpiga chapa ofisini hapa Dodoma. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, na mimi nilikuwemo. Miaka ile ndiyo maduka yalianza kujaa vitu vya nje, na mama mmoja kutoka Dar es Salaam akatufundisha kuuza vidonge vya vitamini. Makopo meupe, yenye picha ya moyo na mfupa. "Vinaimarisha mifupa, vinalinda moyo," alisema, nasi tukakariri kama katekisimu. Watu walivitaka! Maofisa, walimu, wazee wa Chamwino wenye magoti mabovu, hata kutoka Mtera walikuja kuniulizia. Nikajiona daktari.

Dada yangu Eliza alikuwa ameolewa Kongwa. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, akimeza dawa za hospitali kila siku. Nilimpelekea makopo mawili. Akaniuliza, "Mdogo wangu, nimeze hivi pamoja na vile vya hospitali?"

Ndugu zangu, sikujua. Si ningesema tu sijui! Nikamjibu, "Vya hospitali vinachosha mwili, dada. Viache kwanza."

Akacheka. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Miguu yake ikaanza kuvimba. Mumewe, shemeji Yona, alimsihi arudi hospitali. Akakataa, akisema mdogo wake hawezi kumpotosha. Wakati wa kuvuna uwele aliinama kufunga mzigo, hakuinuka tena.

Nilimzika dada yangu nikanyamaza. Na bado niliuza! Kwaya nikaiacha. Watu walinionea huruma kwa msiba, nami huruma yao ilinichoma.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mzee Lazaro, mteja wangu, alinishika mkono kwa furaha.

"Mwanangu, vidonge vyako ni vizuri. Zile dawa zangu za presha nimezitupa chooni."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Nikalia mbele ya watu wote. Nikasema, "Baba, nenda hospitali leo hii. Dada yangu alikufa kwa neno langu!"

Alienda. Yu hai mpaka leo, utukufu kwa Mungu!

Kesho yake nilikwenda Kongwa. Nilimkuta shemeji Yona akimenya karanga. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Akaweka karanga chini.

"Nilijua," akasema. "Nimekuchukia, shemeji. Sasa nimechoka kukuchukia. Inuka, tuombe."

Alianza yeye kuomba, akashindwa kulitamka jina la Eliza. Nililitamka mimi.

Baada ya hapo nilipita nyumba kwa nyumba, kwa wote niliowauzia, nikiwaambia wasiache dawa za daktari. Wengine walinitukana. Walikuwa na haki.

Ndugu zangu, Bwana hakuniondolea majonzi. Aliniondolea uongo. Dada Eliza harudi, na kila msimu wa uwele nalia upya. Lakini sasa nalia nikiwa huru, na Mungu ananisikia. Kama nawe umebeba neno lililomuumiza mtu, usilifunike kwa nyimbo. Mwendee leo, angali hai. Bwana atatangulia mlangoni kabla yako.