Bujiku Masalu, Anayelala Penye Kigingi Chekundu

Marehemu Bujiku Masalu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, kitongoji cha Igumo, Kishapu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Masalu na mama Bernadina. Wa pili ni Kalisti, huyo aliyekaa mbele na miwani.

Bujiku aliishia darasa la nne, mwaka 1965, ili achunge ng'ombe waliomsomesha Kalisti.

Tarehe 5 Juni 1976 alimuoa Mariana, akamtolea mahari yote bila kubakiza ndama.

Mwaka 1988 alichimba dhahabu Geita. Baruti zilimchosha masikio, akarudi, akalizungushia miiba bonde hili likawa ngitili yake, malisho ya kiangazi. Alikuwa anakaa humu kimya mpaka asikie kengele ya ng'ombe aliyepotea, kisha anasema, "Yule yuko ng'ambo ya mto," na kweli anakutwa huko.

Mwaka 2023 walikuja wataalamu kutafuta mahali pa kujenga mtambo wa kusikiliza nyota, mahali pasipofika mawimbi ya simu wala redio. Bujiku aliwaleta hapa.

"Hapa simu zenu zinakufa," aliwaambia. Wakacheka, wakazitazama, wakaanza kupima.

Kalisti, karani wa kijiji, ndiye aliyejaza fomu ya umiliki wa eneo. Waliporudi kupigilia vigingi vyekundu, walimwendea yeye: "Shikamoo, mwenye eneo." Naye akaitikia marahaba! Bujiku alikuwa amesimama hapohapo, kawashikia nyundo.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024. Kalisti alimfuata hospitali, Shinyanga, na machungwa.

"Kaka, tuyasahau. Wataalamu wanasubiri."

"Kigingi cha katikati kiko wapi?"

"Pale kwenye mwinuko, kaka."

"Basi mnichimbie hapo."

Machungwa akapewa mgonjwa wa kitanda cha pili. Bujiku alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, alfajiri.

Ndiyo maana leo mmetembea mbali hivi, wapendwa. Kigingi kimeng'olewa, anacho Mariana mkononi. Kwetu kaburi halihamishwi mpaka watoto wa marehemu wachinje ng'ombe, na watoto wameshasema hawachinji.

Ameacha mjane, Mariana. Watoto watatu, Luka, Noela na Wema. Na wajukuu tisa. Ndugu wa tumbo moja hakuacha. Kalisti atatupia udongo akishamaliza jirani wa mwisho.

Pumzika, Bujiku, mwenye eneo. Hapa hapana kelele, na hakuna wa kukuhamisha.