Mwalimu Barthélemy, Mwenye Alitosha Batoto mu Classe

Mon Père, famille, bajirani, bafundishaji wenzake na Papa, minye Blandine, mutoto wake wa kwanza, licenciée en psychopédagogie, chômeuse wa kudumu, bila kazi, njo famille imechagula nisome historia yake, kumbe diplôme yangu ingali na kazi, na nitasoma yote, hata ile ya shimo, yenye oncle Germain, ndugu ya Papa, ameniomba niruke.

Papa Barthélemy Mwilambwe alizaliwa ku Shituru, tarehe 14 mwezi wa tatu 1963, mutoto wa Kabongo Alphonse, mutumishi wa usine, na wa Mama Germaine Banza, bote bametangulia, alisoma primaire kulekule Shituru, akaenda humanités pédagogiques ku Mulungwishi, akapata diplôme d'État mu 1983, na tarehe 5 septembre ya ule mwaka akaingia mu classe ya kwanza ya maisha yake.

Tarehe 8 août 1987 alioa Mama Clémentine mbele ya padri, Mungu akabapatia batoto bane, minye, Steve, Tina na Princesse, na siye bote tulipita mu mikono yake ku masomo, minye alinirudilisha cinquième, mutoto wake mwenyewe, juu sikujua hesabu, na kwa kuwa points hakuuzishaka hata siku moja, Mama alikuwa anamuchekelea, « Weye saint Barthélemy, leo tutakula craie? », naye anajibu, « Weka chumvi, itashuka. »

Mu octobre 2024, wakati batoto ya sixième banasali sala ya asubuhi, alisikia pioche, sururu ya bachimbaji, inapiga chini ya ciment, akaenda kwa directeur wa masomo, directeur akasema, « Mwalimu, ni panya, » Papa akamujibu, « Panya gani inabeba barre à mine, chuma ya kupasulia mawe? », akaita bazazi, bazazi bakaangalia chini, juu mu quartier yetu, huku upande wa Kamatanda, muntu anaanzaka shimo mu parcelle yake, nyuma ya douche, kisha anafuata minerai, mawe ya cuivre na cobalt, kwenye inaenda, na safari hii ilienda chini ya madawati ya batoto yake mwenyewe.

Tarehe 3 mars 2025 alitosha batoto inje, akaegemeza tableau ku ukuta, akafundisha mu jua, ciment ya classe ikiwa imepasuka tayari, na ile siku njo bantu balianza kusema Mwalimu ni mulozi, anafichaka minerai, jiwe likaanguka ku manzanza, mabati ya nyumba yetu, tena na tena, Mama akaacha kwenda soko, na Papa, muntu wa messe ya kila siku, akaacha kukamata komunio, nikamuuliza, akaniambia pole pole, « Blandine, nimeanza kuomba classe ianguke siku moja bila mutoto ndani, ili banisadiki, na ile sala inaniogopesha kupita shimo. »

Tarehe 19 mai alianguka mu cour, mbele ya batoto, tension imepanda, bakamupeleka hôpital, na akiwa kitandani directeur akarudisha batoto mu classe, habari ikamufikia, akakufwa tarehe 27 mai 2025, na miaka makumi sita na mbili.

Tunashukuru badocteur na ba infirmière, bajirani mwenye mulileta maji na makala, bafundishaji wenzake mwenye mulimubeba, na directeur, mwenye amekuja jana kuniambia classe ya Papa iko wazi, niingie lundi, kazi yenye niliomba kila mahali, basi nimeitika, lakini ndani sitaingia.

Tunashukuru tena bale bachimbaji, juu tangu kilio kianze, chini ya masomo kumenyamaza kabisa, mumeheshimu kilio sawa vile jirani anaheshimu, na pale njo nilielewa muko hapa, chini ya hii bâche ya kilio, mumekula bukari yetu, mumelia na siye, naomba kwa magoti, lundi musirudie, ao mushuke mukijua nani iko juu yenu, minye nitakuwa ku mulango, nitakamata kila mutoto mukono nimuweke inje, na jiwe nalo najua njia yake mupaka ku manzanza yetu.

Papa, pumuzika mu amani, kwetu huku bado ni woga.