Damaris Bhoke Obura, Aliyesikiliza Miswada Akiwa Amefumba Macho

Wapendwa waombolezaji, wazee wetu mliotoka Kegonga alfajiri, majirani wa Oyugis na Kosele, wachungaji na walimu, familia imeniomba niwasomee safari ya mama yetu Damaris Bhoke Obura, nami nitaisoma polepole, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda maneno yakimbizwe.

Damaris alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 karibu na soko la Kegonga, Kuria Mashariki, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Nyamhanga Marwa na Mama Gati, ambao wote wametangulia. Kule juu ukungu hukaa mashambani mpaka jua likolee, na ndugu zake wanakumbuka jinsi alivyokuwa akisimama katikati ya mahindi, macho ameyafumba, akisimulia kuhusu watu aliowaota, walivyovaa na walikokuwa wakienda, hadi mama yake amwite mara ya tatu. Alisoma shule ya msingi huko Kegonga hadi mwaka 1982, akamaliza kidato cha nne mjini Migori mwaka 1986, kisha mwaka 1988 akahitimu upigaji chapa mjini Homa Bay, akaajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini humo, dirisha lake likitazama ziwa.

Ni katika ofisi hiyo, mwezi Agosti 1991, ambapo mwalimu kijana wa Kosele, Elkana Obura, alimletea kurasa arobaini za mwandiko wa mkono, hadithi ya kijiji kilichohamia chini ya ziwa pamoja na ng'ombe, kuku na kanisa lake, akaomba achapiwe. Damaris alichapa sura ya kwanza, kisha akamwambia, "Mwalimu, hii ya pili nisomee, mwandiko wako unanichelewesha." Mwandiko haukuwa na shida yoyote, alitaka tu kusikia, akafumba macho, na baadaye alisimulia kwamba aliwaona watu wale wakianika nguo ndani ya maji, nguo zikipepea taratibu kana kwamba kuna upepo.

Walifunga ndoa Jumapili tarehe 20 Desemba 1992 katika kanisa la Waadventista hapa Oyugis, wakajaliwa watoto wawili, Helen mwaka 1994 na Job mwaka 1998, na mwaka 2003 Damaris akaacha ofisi, akafungua duka la kupiga chapa na fotokopi karibu na soko.

Mwalimu alikuwa ameimaliza riwaya yake mwaka 2001, akaituma mwenyewe kwa wachapishaji watano, na kwa miaka minane jibu likawa kimya, mpaka Mei 2009 mchapishaji mmoja wa Nairobi alipotuma mkataba. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Mwalimu, Damaris alipoomba kuusoma kwanza, akafika kifungu cha tisa, akatua hapo.

"Baba Helen, hapa unawapa kitabu hiki na vyote utakavyoandika, maisha yako yote."

"Nyar Kuria," akajibu Mwalimu, aliyemwita hivyo, binti wa Kuria, tangu siku za uchumba, "nimeingoja barua hii miaka minane, nawe unataka niirudishe?"

"Usiirudishe wewe. Nitaenda mimi."

Alienda, akakaa mapokezi siku tatu, mswada mapajani, hadi mhariri akatoka kumuuliza yeye ni nani kwa mwandishi, akasema, "Ni msemaji wake," na hapo ndipo alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kazi hiyo ina jina, wakala. Kifungu hawakukibadilisha, naye akarudi Oyugis mikono mitupu. Mwalimu hakumlaumu, ila aliacha kuandika mwaka mzima na nusu, meza yake ikawa ya kuanikia njugu, na Damaris alimwambia dada yake kwamba bado anakiota kile kijiji cha ziwani, lakini sasa watu wake wamempa mgongo, na huenda ni yeye aliyewazamisha.

Hata hivyo aliendelea kuutembeza mswada, na tarehe 8 Machi 2013 riwaya ilichapishwa Kisumu, kwa mkataba ulioacha kazi za baadaye mikononi mwa mwenyewe. Vitabu vilipofika, Mwalimu alikaa juani na kimoja bila kukifungua, kisha akamwambia mkewe maneno mawili tu, "Ulifanya vyema," na jioni ile njugu zikaondolewa mezani.

Baada ya hapo vijana wengi walimletea miswada, naye hakuwa malaika, kwani mswada wa Mourine, muuguzi wa Migori, alikaa nao miezi kumi na minne akitafuta mchapishaji mkubwa zaidi, mpaka Mourine akaja dukani na kusema kwa upole, "Mama, naomba nijaribu mwenyewe." Aliutuma, na miezi mitano baadaye ukakubaliwa. Damaris alinunua nakala ya kwanza, akaomba radhi mbele ya wateja, na Agosti 2019, alipoulizwa katika mkutano wa waandishi wapya mjini Migori kama wanahitaji wakala, alijibu, "Kwanza tafuta msomaji mmoja asiyekuogopa, kisha upige hodi mwenyewe. Siku ya mkataba, usiwe peke yako."

Mnamo Juni 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa akisafishwa damu mjini Homa Bay mara mbili kwa wiki, na Mwalimu alikaa kando ya mashine akimsomea riwaya yake ya pili, wauguzi wakidhani mgonjwa amelala. Ilipokamilika Januari mwaka huu wa 2025, Mwalimu aliuliza ataipeleka nani, naye akasema, "Nenda mwenyewe, Baba Helen. Ila usitie saini siku hiyo hiyo."

Alienda Kisumu kwa wachapishaji wake Jumatatu tarehe 3 Februari, akarudi Jumatano na mkataba mfukoni, akamsomea wote kitandani, na Damaris akaomba kifungu cha sita kirudiwe, akasema, "Hapo waulize tena." Alitutoka kesho yake, Alhamisi tarehe 6, saa tisa alasiri, na Ijumaa asubuhi Mwalimu aliwapigia simu, akawauliza.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, kanisa, wenzake wa sokoni, na waandishi wote mliokuja, mlio na vitabu na msio navyo bado.

Damaris, binti wa Nyamhanga, umetusikiliza vya kutosha. Sasa pumzika, na amani ikulinde.