Mjerumani Hana Meno

Benchi letu lilikuwa chini ya upenu wa duka la Praful, Shinyanga mjini, upande ambao jua la asubuhi lilichelewa kufika. Lilikuwa ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya miguu minne, na mguu mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo mtu wa mwisho kuketi ndiye aliyeamua wengine wote waegemee upande gani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, petroli ilipatikana kwa kubahatisha, na sisi tulikutana hapo kila asubuhi kunywa kahawa ya Mama Paskalia na kurekebisha mambo ya nchi. Maganga tulimwita Mnada, kwa sababu alikuwa dalali wa ng'ombe na kila kitu duniani alikipima kama ng'ombe. Mageni alikuwa Injinia. Aliwahi kufanya kazi kule Songwa, kwenye mgodi wa almasi, akisukuma toroli. Mimi niliitwa Magazeti, na sababu yake itaonekana. Kalisti, fundi cherehani wa hapo hapo barazani, hakuwa na jina la utani. Siku zile alikuwa na shida, na hatukutaka kumwongezea.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mkewe, Justa, muuguzi, alihamishiwa zahanati moja upande wa Geita akiwa mjamzito. Kalisti aliahidi kumfuata kabla hajajifungua. Justa alijifungua, mtoto wa kike akaitwa Limi, na baba yake alikuwa bado hajamwona. Mgongo ulimteguka siku alipoanguka kutoka juu ya lori, na daktari alimkataza kupanda malori tena. Basi la Geita nalo lilikuwa limesimama muda wote huo likisubiri kipuri kutoka ng'ambo. Ndipo akaamua kununua pikipiki ya safari ndefu, yenye raha ya kukaa na isiyomshinda kuiendesha, akawachukue mke na mtoto. Praful alikuwa na mbili zilizokwisha kutumika, uani kwake. Sisi tukajitolea kumsaidia kuchagua. Tulianza kumsaidia wakati wa kupalilia pamba. Sasa pamba ilikuwa inavunwa.

Asubuhi hiyo Praful alizitoa zote mbili akazisimamisha mbele ya benchi. Kubwa, nyeusi, tuliiita Mjerumani. Aliiacha padri mmoja aliyerudi kwao. Ndogo, nyekundu, ilikuwa Mjapani.

— Kalisti bhai, leo useme moja, alisema Praful. Mchana anakuja mnunuzi wa dhahabu kutoka Bugarama. Huyo hachagui, anabeba tu. Nikufichie ipi?

— Ile ile, tulijibu wote kwa pamoja.

— Ile ipi?

Hapo ndipo tulipotofautiana.

— Mjerumani, bila mjadala, alisema Injinia. Safari ndefu inataka uzito. Uzito ndio unaolaza barabara.

— Kaa pembeni wewe, alisema Maganga. Mnyama hanunuliwi kwa kusifiwa. Ananunuliwa kwa meno.

Alipiga goti nyuma ya Mjapani, akapitisha kidole kwenye meno ya gurudumu la cheni, moja baada ya jingine, macho ameyafumba.

— Huyu bado kijana. Meno yamekaa sawasawa, hayajachongoka.

Akahamia kwa Mjerumani. Akatazama upande huu, akazunguka upande wa pili, akainama mpaka kofia ikamwanguka.

— Kalisti.

— Naam, mzee.

— Mjerumani hana meno.

— Hana meno kivipi?

— Hana hata moja! Kibogoyo huyu. Ng'ombe akifika hapo anachemshwa supu.

— Hana meno kwa sababu hana cheni, alisema Injinia. Kuna chuma kinazunguka ndani ya hilo bomba.

— Na kwa nini wamekificha?

— Ndivyo alivyotengenezwa.

— Mimi mnadani mtu akinificha mdomo wa ng'ombe wake, naondoka zangu.

— Basi ondoka.

— Kahawa sijamaliza.

Mama Paskalia alimwongezea bila kuulizwa. Alikuwa anatusikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua ya usiku, akijua kuwa itakatika yenyewe.

— Na haya yanayotoka ubavuni, huku na huku? aliuliza Kalisti, akigusa ile mitungi miwili ya injini ya Mjerumani.

— Hapo ndipo penye akili, alisema Injinia. Moja kushoto, moja kulia. Ni kama mama aliyebeba ndoo mbili, mkono huu na mkono huu. Hayumbi.

— Kwetu tunabeba moja, kichwani, alisema Mama Paskalia, na hatuyumbi.

— Mayu, mama yangu, haya ni mambo ya ufundi. Sikiliza, Kalisti. Mwendo ukishakolea, uzito wote unapungua. Ukifika maili hamsini, pikipiki nzima inakuwa nyepesi kama debe la pumba.

— Uzito unakwenda wapi?

— Unabaki nyuma. Haujauzoea mwendo.

— Na nikisimama ghafla?

— Unakufikia. Wewe unadhani watu huanguka kwa nini?

Kalisti alifikiri kidogo. Kisha akamshika Mjerumani usukani, akajaribu kumtoa kwenye stendi. Pikipiki ilisogea kama upana wa kiganja. Kalisti akaiachia, akaweka mikono yote miwili kiunoni. Mgongo wa mtu mwingine ni vigumu kuutolea hoja.

— Ikiwa imesimama ndiyo nzito, alisema Injinia kwa sauti ndogo. Nimeshaeleza.

Nikaona zamu yangu imefika. Mimi sikuwahi kupanda pikipiki hata kwa kupewa lifti, lakini nilikuwa nasoma. Nilisoma magazeti yote yaliyofungiwa sukari, chumvi na dagaa katika mtaa ule, na elimu yangu ilikuwa na harufu ya bidhaa hizo. Kuhusu safari ndefu nilikuwa na kipande kimoja cha maana sana.

— Gazeti lilieleza, nilisema. Mtaalamu kabisa. Alisema siri ya raha katika safari ndefu ya pikipiki ni moja tu.

— Ipi?

— Kwamba mwendeshaji, kabla ya yote, ahakikishe...

— Ahakikishe nini?

— Hapo ndipo lilipochanika.

— Wiki iliyopita ulisema ahakikishe urefu wa miguu, alisema Maganga.

— Nilikuwa nakisia.

— Na kabla ya hapo ulisema upepo wa magurudumu.

— Hiyo nayo nilikisia.

— Nusu ya pili iko wapi?

— Iliondoka na dagaa za mtu mwingine.

Walinicheka, na nilistahili. Mpaka leo kuna mambo mengi ninayoyaamini kwa moyo wote ambayo nikiyafuata mpaka mwisho nafika kwenye karatasi iliyochanika.

— Praful, alisema Kalisti, wewe ndiye mwenye mali. Niambie kweli. Mjerumani akoje?

— Huyu? Praful alimpigapiga Mjerumani kwenye tanki. Huyu ametulia sana.

Neno hilo lilitubadilisha sura.

— Ametulia! alisema Maganga. Mbona hukusema mapema? Maksai aliyetulia ni mali, hata akiwa kibogoyo. Unamfunga plau, mtoto anamwongoza kwa kamba.

— Ametulia maana yake injini haitetemeki, alisema Injinia. Unaweza kuweka kikombe cha kahawa juu ya tanki ukafika Kahama hakijamwagika.

— Maana yake haikuchoshi mgongo, nilisema mimi.

Kalisti alikuwa ameanza kutabasamu. Miezi yote hiyo sikuwa nimemwona akitabasamu mbele ya pikipiki.

— Kwa hiyo safari iliyopita alikwenda vizuri? alimuuliza Praful.

— Safari ipi?

— Ya mwisho.

— Kalisti bhai, tangu padri aondoke hajawashwa. Ndiyo nakwambia ametulia.

Mama Paskalia aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Maganga akaokota kofia yake, akaikung'uta.

— Kutulia kwa namna hiyo, alisema, hata mimi nimetulia.

Kalisti alikwenda kwenye cherehani yake, akarudi na mto. Tuliujua. Aliushona mwenyewe usiku, na mchana katikati ya kazi za watu, kitenge cha bluu nje, sufi ndani, na upande mmoja ameuinua kidogo ili mtoto akilala mapajani mwa mama asiteleze. Ulikuwa wa kiti cha nyuma, cha pikipiki yoyote itakayochaguliwa. Mto ulikuwa umekamilika tangu zamani. Kilichobaki ni pikipiki.

— Jana dereva wa lori la pamba kaleta salamu, alisema, akiuangalia ule mto. Anasema Limi ameanza kukaa.

Alichomoa uzi mmoja uliobaki kwenye kitenge.

— Mtu anakaa mwenyewe, na mimi sijamwona amelala.

Ningeweza kumwambia kwamba angekwenda hata kwa gari la ng'ombe, na labda ningekuwa nasema kweli. Lakini niliwahi kumwona akijaribu kupanda lori mara moja tu baada ya kuanguka. Aliweka mguu kwenye gurudumu, akashika ubao, akabaki ameng'ang'ania hapo mpaka utingo akamshusha. Mtu akiogopa, kuchagua humpa kazi ya kufanya. Na sisi tulimpa kazi hiyo kila asubuhi, kwa kahawa.

— Basi tuamue leo, nilisema. Tupime raha yenyewe. Benchi hili ni refu kama Mjerumani, na gumu kama Mjapani. Tupande.

— Tupande vipi?

— Kama safari. Kalisti mbele, anaendesha. Nyuma anakaa Justa, katikati mtoto. Tuone nani anaumia, na wapi.

Hakuna aliyepinga, jambo ambalo lingetosha kututia wasiwasi. Kalisti alipanua miguu akalikalia benchi kama pikipiki, mto akauweka pembeni usichafuke. Maganga, kwa umbo lake, akawa Justa. Mimi ndiye mwembamba kuliko wote, nikawa Limi, nimebanwa katikati. Injinia akakaa mwisho kabisa.

— Wewe ni nani? aliuliza Maganga.

— Mizigo.

— Mizigo haiongei.

Praful akasimama mbele, mikono nyuma, kama barabara.

— Haya, alisema. Mmetoka Geita.

— Vuuum, alisema Kalisti, kwa aibu kidogo.

— Mume wangu, polepole, alisema Maganga. Mtoto anabanwa.

— Kweli anabanwa, nilisema.

— Limi, nyamaza, umelala wewe.

— Kona! alisema Praful. Kona ya kulia!

Tulilala kulia, na ule mguu mfupi wa benchi ukatusaidia kuliko tulivyotaka. Kahawa ya Injinia ilimwagika mgongoni kwa Maganga.

— Mizigo inavuja!

— Shimo! alisema Praful, ambaye sasa kazi ilikuwa imemkolea. Shimo kubwa!

Tuliruka. Benchi lililia. Lori moja la pamba lilipita likasimama mbele kidogo ya duka, likatuletea vumbi, tukafurahi, maana safari bila vumbi isingekuwa safari.

— Kahama hiyo! alisema Praful. Kona ya kushoto!

Tulilala kushoto, Maganga amemshika Kalisti kiuno kwa mikono miwili na mimi niko ndani ya mikono hiyo, na tulipoinuka palikuwa na mtu amesimama mbele yetu. Alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la safari, nyuzi za pamba zimemjaa kwenye nywele na nyusi, begi mkononi, mtoto amemfunga mgongoni kwa khanga.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, tulijibu, bila kushuka.

Alitutazama mmoja mmoja, kuanzia dereva mpaka mizigo.

— Mnakwenda wapi?

Injinia alichungulia ndani ya kikombe chake. Praful alianza kufuta tanki la Mjerumani kwa ncha ya shati lake. Maganga aliondoa mikono kiunoni mwa Kalisti, kwanza mmoja, kisha wa pili, polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima bila kusema. Mimi nilikuwa bado Limi, na Limi wa kweli alikuwa amechungulia juu ya bega la mama yake, ananitazama.

— Justa, alisema Kalisti.

— Ndiyo mimi.

— Umekuja na nini?

— Si hilo hapo? Aliuelekeza mdomo kwenye lori. Juu ya magunia. Nimepata likizo, nikasema nisingoje.

Tulishuka, wote kwa upande mmoja, kama abiria. Justa alimfungua mtoto, na Kalisti akampokea, akamshika mbali na kifua kwanza, kama kitambaa cha mteja anachoogopa kukikunja, kisha karibu. Limi alimshika sikio.

Mama Paskalia aliinamisha birika mpaka likatoa tone la mwisho, kikombe kikajaa nusu, akampa Justa. Injinia alinyoosha mkono na kikombe chake kitupu.

— Imekwisha, alisema Mama Paskalia. Wengine wametoka safari.

— Kalisti bhai, alisema Praful kwa upole, kwa hiyo nikufichie ipi?

Kalisti hakumsikia. Mtoto akiwa mkono mmoja, aliokota mto kwa mkono wa pili, akauweka kwenye benchi, upande wa mguu mzima, akaupigapiga. Justa aliketi taratibu, kama mtu aliyepigwa na magunia tangu Geita. Kisha akaingiza mkono chini yake, akaupapasa ule upande ulioinuliwa.

— Mto mzuri huu, alisema. Umeushona wa nini?

— Wa safari.

Justa alimtazama, akatutazama na sisi, akanywa kahawa yake.

— Mbona tumeshafika.