Nani Anakaa Katikati? Miaka Thelathini na Moja ya Muuzaji Wetu wa Magari

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata nyumbani: nakipenda kiti cha katikati cha nyuma. Watu hudhani nimekikalia maisha yangu yote kwa sababu sina sauti ya kukikataa. Ni kweli sina, lakini pia nakipenda. Ukiwa pale unaiona barabara nzima kati ya vichwa viwili vya mbele, na unasikia mazungumzo ya pande zote bila kutakiwa kuchangia. Nalitaja hapa kwa sababu ndilo lililonipa kazi ya kuandika wasifu huu.

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Katikati, kama wote dukani wanavyomwita, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuuza magari ya familia katika duka hili. Meneja alipomuuliza angependa nani amwandikie wasifu, wengi walitarajia amtaje mkuu wa mauzo, au meneja mwenyewe, ambaye alikuwa ameshaanza kukataa kwa unyenyekevu. Yeye akasema, "Mtafuteni mtu niliyewauzia kwao gari akiwa amekaa katikati. Huyo atasema ukweli." Wakapiga simu kwetu. Baba alisikiliza, akaduwaa, akanikabidhi simu kwa heshima ambayo hajanionyesha tena tangu siku hiyo.

Mengi ya hapa nimesimuliwa na wenzake wa kazini, wakipokezana na kukanushana.

Mama Katikati hakuajiriwa kuuza magari. Aliajiriwa kupokea simu na kuwaambia wateja wasubiri. Siku moja, wauzaji wote wakiwa wamekwenda kula, iliingia familia kubwa yenye haraka. Wakati huo yeye alitofautisha petroli na dizeli kwa harufu tu. Kwa kuwa hakuwa na la kuwaambia, akawauliza. Asubuhi nani anashuka wa kwanza? Nyuma mnapakia nini? Nani anakaa katikati? Wauzaji waliporudi wakichokonoa meno, familia ilikuwa imeshachagua gari. Bosi wa enzi hizo akamwita ofisini.

"Umewaeleza nini kuhusu injini?"

"Sijawaeleza kitu, bosi. Wamenieleza wao."

Akahamishiwa idara ya mauzo. Simu ya mapokezi ikalia yenyewe mpaka alipopatikana mtu mwingine wa kuwaambia watu wasubiri.

Injini alijifunza baadaye, kutoka kwa fundi mkuu wa gereji ya nyuma, aliyekubali kumfundisha kwa sharti kwamba asiguse kitu. Fundi huyo anasema alikuwa mwanafunzi mzuri mwenye kasoro moja: kila akionyeshwa kifaa, aliuliza kinamsaidia nani. Kuna vifaa viwili ambavyo fundi hajavipatia jibu hadi leo, na vinamsumbua.

Mama Katikati haamini kwamba kuna injini bora. Anaamini kuna injini na kuna watu, na kwamba kazi yake ni kuwatambulisha mapema, kabla hawajaoana vibaya. Daktari wa meno alikuja akitaka gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne. Akaulizwa huwa anakwenda wapi. Nyumbani na kazini, lami mwanzo mwisho. "Sasa daktari, hayo manne unataka yakunasue wapi? Kwenye maegesho?" Daktari akanunua la magurudumu mawili, akatumia chenji kununua kiti kipya cha wagonjwa. Juma lililofuata, mkulima na mkewe walitaka lile la petroli, jepesi, kwa sababu rangi yake ilikuwa nzuri. Mama Katikati aliwatazama viatu. Kisha akawatoa taratibu kwenye petroli akawapeleka kwenye dizeli, magurudumu manne, rangi ya kahawia. "Rangi hii," akawaambia, "mtakuwa nayo hata mkinunua jeupe."

Gari la kwanza la umeme lilipofika dukani, wauzaji walilizunguka kama bibi harusi. Wenzi wawili vijana wakalipenda palepale. Mama Katikati akawauliza wanaishi wapi. Ghorofa ya nne. "Na waya wa kulichaji utashukia dirishani?" Vijana wakacheka, wakaondoka mikono mitupu, na meneja hakumsemesha Mama Katikati siku nzima. Baadaye walihamia nyumba ya chini yenye soketi nje. Wakarudi kununua, na walikataa kuhudumiwa na mtu mwingine.

Utaratibu wake wa majaribio unajulikana. Haruhusu mtu ajaribu gari peke yake. Lazima familia yote iwemo, kila mtu mahali pake pa kila siku. Njia ni ileile: barabara tambarare inayopita kwa wapasua mbao, kisha kilima cha tangi la maji, kisha kurudi. Wauzaji wengine hukaa mbele, karibu na dereva na redio. Mama Katikati hukunja magoti kwenye vile viti vidogo vya mwisho kabisa, nyuma ya wote, na kutoka huko hupiga soga. Wakirudi, huuliza maoni ya kila mtu, na wa katikati humuuliza mwisho. Mpaka huyo aseme neno, hakuna kinachosainiwa. Meneja aliwahi kumwambia kwamba utaratibu huo unachelewesha mauzo. Mama Katikati akakubali kwamba unachelewesha.

Naomba nieleze ya kwetu, kwa sababu nilikuwepo.

Gari letu la zamani lilikuwa limechoka, na kelele zake zilikuwa zimemchosha Bibi, mama yake baba. Bibi sikio la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia linapobembelezwa. Alikuwa ameacha kutoka nasi. Tukimwita twende, anajibu, "Nendeni tu. Mimi huko nafanya nini?" Baba akasema dawa ni gari jipya. Kisha akaanza kusoma kuhusu injini, na kwa miezi kadhaa Bibi hakutajwa tena.

Tulipofika dukani baba alikuwa ameshaamua: dizeli yenye turbo. Alikuwa na mshirika humo, kijana wa mauzo ambaye wenzake humwita Turbo pia, kwa kuwa, kama kifaa hicho cha kuiongezea injini nguvu, huchelewa kidogo kuanza kisha hazuiliki. Dizeli hiyo ilikuwa imekaa dukani muda mrefu, na meneja angefurahi sana iondoke.

"Safari zenu ni zipi, baba?" Mama Katikati akauliza.

"Shule, kazini, sokoni, nyumbani."

"Fupi fupi. Dizeli haizipendi. Chujio lake la moshi huziba lisipopata mwendo mrefu."

"Basi nitakuwa naitoa mara kwa mara ikapate mwendo."

"Kama mbwa," mama akasema.

Tukaingia kwenye dizeli. Baba usukani, mama pembeni yake, Bibi kushoto kwangu, mdogo wangu kulia, Mama Katikati nyuma kabisa. Lazima niseme haki: kilima ilikipanda kana kwamba hakipo. Baba alikuwa na furaha nyingi, akaanza kumsimulia Mama Katikati jinsi alivyojifunza baiskeli kwa siku moja tu, utotoni, bila kushikwa na mtu. Sote tukashangaa kama inavyotakiwa. Bibi akatabasamu na kutikisa kichwa. Nilikijua kile kichwa. Ndicho anachokitikisia televisheni ikiwa imepunguzwa sauti.

Kisha tukahamia kwenye haibridi, ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazopokezana. Kwa wapasua mbao injini ilijizima yenyewe na gari likaendelea kwenda. Mdogo wangu akadhani limeharibika.

"Baba," Mama Katikati akasema kutoka nyuma, "hebu nirudie ile hadithi ya baiskeli. Sikuishika vizuri."

Baba alikuwa hajawahi kuombwa kurudia hadithi. Akairudia yote, na safari hii akaongeza mteremko. Alipofika kwenye siku moja, Bibi akageuka.

"Siku moja? Miezi mitatu! Na fundi baiskeli alihama mtaa kwa ajili yako!"

Mama akacheka mpaka akashika dashibodi. Bibi, alipoona ana wasikilizaji, akaendelea na habari ya goti, na ya mlango wa jirani, na ya nani hasa alikuwa ameishikilia ile baiskeli kwa nyuma huku akikimbia na mtoto mwingine mgongoni. Kwenye kilima injini ya petroli ililia kwa nguvu, na Bibi akanyamaza. Tulipoanza kushuka akaendelea alipoishia.

Dukani, Mama Katikati alituuliza mmoja mmoja. Baba alisema haibridi si mbaya, lakini kilimani inalialia, na mwanamume anataka gari linalovuta. Mama alisema anataka isiyokwenda kituo cha mafuta kila siku. Mdogo wangu alisema dizeli, kwa sababu ya taa. Bibi alisema, "Mimi popote mtakaponiweka nitakaa." Turbo akamsogezea baba kalamu.

"Na wa katikati?"

"Huyu?" baba akasema. "Huyu huwa hasemi, dada."

Mama Katikati hakunitazama kwa kunihurumia wala kunihimiza, kama walimu wanavyofanya. Alikunja mikono akasubiri, kama mtu aliyepanga siku yake hivyo. Turbo alikohoa. Meneja alichungulia, akarudi. Nilitaka sana mtu mwingine aseme. Kisha nikaona kwamba hakuna mwingine aliyekaa pale nilipokaa.

"Kwenye dizeli Bibi hakuwepo," nikasema.

"Alikuwepo, si alikaa kushoto kwako?" baba akauliza.

"Alikaa. Hakuwepo."

Baba akamtazama Bibi, na Bibi akayatazama matairi. Halafu baba akatoka, akawasha dizeli, akaingia nyuma na kukaa mahali pa Bibi, akaziba sikio la kushoto kwa kiganja. Mama akaketi mbele, tukaona midomo yake ikisema kitu kirefu. Baba aliporudi ndani hakueleza alichosikia. Alimwambia Mama Katikati kwamba atachukua haibridi, lakini angalau ile ya magurudumu manne.

"Tope liko wapi, baba?"

Baba alizipitia kichwani barabara zetu, moja baada ya nyingine.

"Halipo," akasema.

Ndivyo tulivyonunua haibridi ya magurudumu mawili. Turbo ameniambia kwamba alikasirika siku hiyo, na kwamba siku hizi, wateja wakija, naye hukunja magoti nyuma. Ni mrefu, na anaumia. Mama Katikati mwenyewe anaendesha kijigari cha petroli cha viti vinne. Hakina katikati. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anakaa peke yake, na injini hiyo imemtosha.

Mama Katikati, duka hili linakushukuru kwa miaka yote uliyowachelewesha watu mpaka wakasikilizana. Familia yetu inakushukuru kwa Bibi, ambaye sasa ndiye wa kwanza kuvaa viatu. Upumzike kwa afya na furaha, na kila utakapopanda gari la mtu, uulizwe unataka kukaa wapi.

Nilimaliza kuandika haya ndani ya gari, kwenye foleni, injini ikiwa imejizima. Nikamsomea Bibi kwa sauti yangu ya kawaida. Baba alisema sehemu ya baiskeli ni ndefu mno kwa sherehe, heri niitoe. Bibi alisema nimesahau mlango wa jirani ulikuwa wa rangi gani. Sikuitoa. Nimemuuliza Bibi rangi, akasema ulikuwa wa kijani, na nimeiandika hapa.