Bango Lililotazama Ndani

Wasikilizaji wapendwa, wajukuu zangu, sogezeni viti. Kitendawili. Komeo langu lina joto, likivunjika fundi hatengenezi. Haya, fikirini. Jibu mtalikuta humu humu.

Leo tunamkumbuka muuguzi mstaafu, tuliyemwita Mama Bandeji. Alikuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana ya kaka yake, fundi seremala. Humo aliwatibu na kuwaficha wanawake waliopigwa na waume zao. Aliwashona nyusi, aliwafunga mbavu. Mtaa ulidhani wamekwenda kununua stuli.

Kisha akapata ruzuku ya miradi ya afya ya jamii. Vikaja vitanda, zikaja dawa, akaja pia mshauri wa kuzungumza na wagonjwa. Sharti lilikuwa moja: bango la bati, lenye jina la mradi na la mfadhili, lionekane barabarani. Akalitundika kwa furaha, jamani. Kila asubuhi alilifuta vumbi.

Mwenye bucha wa mtaani akalisoma, akajua wanawake waliopigwa hufichwa wapi. Mkewe alikuwa ndani, jicho limeziba. Akaja na nondo. Alimvunja Mama Bandeji mkono, akamburuta mkewe kwa nywele hadi barabarani, akamkanyaga mdomo mpaka meno yakatawanyika. Watu walisimama wakatazama.

Siku ile ile Mama Bandeji alishusha bango, mkono ukiwa umefungwa shingoni.

Ofisa wa mfadhili alipokuja kukagua, fundi alikuwepo. Anasimulia: "Ofisa aliuliza, 'Mama, bango liko wapi? Masharti yanasema lionekane.' Dada akamwambia, 'Ingia, mwanangu. Funga mlango. Sasa geuka.' Alikuwa amelipigilia misumari kwa ndani. Akasema, 'Wagonjwa wanaliona. Kwani ruzuku mlimpa nani, hawa au mwenye bucha?' Ofisa alicheka mpaka akafuta macho. Akalipiga picha, akaenda kututetea."

Ruzuku ikabaki. Bango nalo likabaki ndani, likitazama vitanda.

Wiki iliyopita, mchana kweupe, mwenye bucha alirudi. Mkewe alikuwa amekimbilia humo tena. Safari hii alibeba shoka. Mama Bandeji alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo, akawaambia waliomo watokee dirishani. Pigo la kwanza liling'oa komeo. La pili likagonga bati, shoka likaruka. La tatu likapasua mbao chini ya bango, likamfikia. Hakuondoka, wasikilizaji wapendwa. Hakuondoka. La nne likapita pale pale.

Fundi alikuwa anapakua mbao upande wa barabara. Alikuja na nyundo, akamvunja yule mtu goti. Polisi walimkuta chini, analia kama mtoto.

"Nikapitia dirishani," anasema fundi. "Dada ameketi, mgongo mlangoni, kama mtu aliyechoka. Nikamwambia, dada, wameshatoka wote, sogea. Hakusogea."

Kitendawili changu mmeshakitegua.

Wote walitoka. Wote. Mke wa mwenye bucha yu hai, na ametuma neno: "Mlango usibadilishwe. Zibeni tundu tu."

Fundi, pole baba. Watoto na wajukuu wa marehemu, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza. Huenda sasa hivi kuna kishindo kwa jirani, nawe umeongeza sauti ya redio ili usisikie. Punguza, mwanangu. Zima kabisa, sitanuna. Waite wenzako, mkagonge ule mlango.